Ukisukwa na Wawili, Mume Anaongeza Mke

Mwanamke alipiga magoti mbele yangu, kuku hai kambana kwapani.

Ilikuwa asubuhi, hata benchi la wateja nilikuwa bado sijalitoa nje.

"Mdogo wangu, nisuke," akasema. "Nisuke, mume wangu aoe mke mwingine."

Nikamtazama. Hakuwa mlevi, hakuwa kichaa. Alikuwa mama wa heshima zake, kajifunga khanga safi.

"Mama, unataka mumeo aoe?"

"Hata kesho akioa nitashukuru."

Kuku akamponyoka, akaingia chini ya meza yangu na kuanza kupiga kelele.

Jamani, msicheke kwanza. Ngoja niwape mkasa wenyewe.

Juzi nimeona binti kauliza humu grupu: mtaani kwetu kila nyumba ni saluni, nifanyeje na mimi nionekane? Mkamjaza majibu. Weka taa za rangi, weka muziki, piga picha urushe mtandaoni. Sawa, na mimi bibi yenu Eufrazia ninalo langu. Ila ni refu, na naandika kwa kidole kimoja. Wenye haraka pitilizeni.

Ulikuwa mwaka 1976, pale Mpanda, mtaa wa nyuma ya stesheni ya treni.

Neno saluni hatukuwa nalo. Tulisema "kwa msusi". Na wasusi tulijaa! Kwenye safu moja ya nyumba za tope tulikuwa wanne, huyu akikohoa yule anamwambia pole.

Mkubwa wetu alikuwa Josephina. Huyo alikuwa na kioo kirefu na kitana cha chuma cha kuchoma nywele. Anakitia kwenye makaa, anapitisha kichwani, moshi unafuka, nywele zinalala. Wake wa watumishi wa serikali wote walikuwa wateja wake.

Mimi nilikuwa na nini? Chanuo la mti, uzi mweusi, mafuta ya mawese na kigoda. Basi.

Na sikwenda Mpanda kutafuta maisha, msije mkadhani. Nilikimbia ndoa.

Nilikuwa nimeolewa Usevya, kule Mpimbwe, ndoa ya kanisani kabisa, pete na shada la maua. Mume wangu aliitwa Ponsian. Siku moja anakula ugali, akasema bila hata kuinua macho, "Jumamosi analetwa mwenzako. Muandalie kitanda."

Nikadhani anatania. Ponsian hakuwa mtu wa utani.

Ijumaa nikaondoka. Sikungoja hata kumwona huyo mwenzangu ana sura gani. Nikapanda lori la mizigo, tukakata pori la Katavi, mbung'o wakanila miguu yote. Pale Sitalike nilishuka kunywa maji nikawa nalia njiani, mbele za watu.

Kaka yangu Gaudensi alinifuata baada ya wiki mbili. Baba alishafariki, kwa hiyo kaka ndiye mwenye sauti juu yangu.

"Eufrazia, umemkimbia mwanamke ambaye hata hujamwona?"

"Aliniambia kwa mdomo wake, kaka."

"Ponsian anasema hakuna kitu kama hicho. Anasema umechoka kulima mpunga, unatafuta sababu."

Nikaapa. Nikalia. Kaka si mtu mbaya, ila alikuwa anapenda ushahidi wa macho. Mwisho akasema, "Haya. Kaa hapa mpaka mavuno. Mpunga ukishavunwa nitakuja. Nikikuta hujiwezi, unarudi kwa mumeo. Na mimi nitapita kwake nijionee."

Mnaelewa nilivyokuwa? Kila asubuhi naamka roho juu. Nasikia lori, nasimama. Nakaa, nasimama tena. Dorotea alikuwa ananiambia, "Wewe kigoda kina moto?"

Dorotea alikuwa msusi wa mlango wa tatu, Mfipa, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Naye hakuwa na wateja. Tulikuwa tunakaa barazani tunahesabu wanaoingia kwa Josephina, tunasonya.

Sasa siku moja nilikwenda stesheni kutafuta maji. Treni ya kwenda Kaliua ilikuwa inataka kuondoka. Nikamwona mwanamke anakimbia na furushi la nguo, kichwa kasukwa upande mmoja. Upande wa pili nywele zimesimama timtim, anazifunika na khanga, khanga inateleza, watu wanacheka.

Aliingia behewani analia. Alikuwa anakwenda harusini kwa dada yake, msusi hakumaliza kwa wakati.

Nywele za uzi ni kazi ya nusu siku, na treni siku ikiamua kuondoka kwa saa yake haimwonei mtu huruma.

Nikarudi mbio hadi kwa Dorotea.

"Dada, tusuke kichwa kimoja wote wawili."

"Umelewa?"

"Wewe kulia, mimi kushoto. Mtu anakuja asubuhi, anaondoka hata chai haijapoa."

"Na jina la nani litakuwa mlangoni?"

Nikamwambia tutaandika Mikono Minne. Akacheka mpaka akajifuta machozi, halafu akanyanyua kigoda chake akakileta kwangu. Hivyo tu.

Mteja wa kwanza tulimharibu, sitaficha. Dorotea mkono wake mzito, anakaza kama anafunga mzigo wa kuni. Mimi mkono mwepesi. Yule mama alitoka nyusi moja iko juu, nyingine chini, anaonekana anashangaa upande mmoja. Tulimfumua na kumrudia huku tunamwomba radhi.

Tukafanya mazoezi. Tulisukana sisi kwa sisi, tukamsuka mke wa mwenye nyumba, tukamsuka hata mlemavu wa macho aliyekuwa anapita kuomba, yeye akawa anapapasa anatuambia wapi pamebana kuliko kwingine. Mpaka siku akasema, "Sasa sijui mpaka uko wapi." Hapo tukajua tumeiva.

Wacha weee! Siku za treni benchi likajaa. Wanaosafiri, wanaokwenda msibani, wenye watoto wachanga wasioweza kukaa kutwa. Mtu anakaa katikati, mimi huku Dorotea kule, uzi unakwenda, stori zinakwenda. Kwa Josephina kitana kikawa kinapoa kwenye makaa.

Josephina hakulala na hilo.

Alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni mwake na kuongea na hewa. Siku hiyo akaongea na hewa kwa sauti ya kutosha mtaa mzima.

"Nyie watoto wa siku hizi hamwogopi kitu! Kichwa kimoja kusukwa na wanawake wawili? Si ndiyo kumkaribisha mke mwenza huko! Mikono miwili yako, miwili ya mwenzako anayekuja!"

Mimi nimezaliwa Mpimbwe, nimekulia kwa bibi, hilo neno nilikuwa sijawahi kulisikia. Dorotea Mfipa, hajawahi kulisikia. Lakini ajabu ya watu! Kufika jioni kila mtu bibi yake aliwahi kumwambia. Wakonongo wakasema kwao lipo. Wabende wakasema ni la kwao hasa. Mama mmoja wa Ikola, kaja kuuza dagaa tu, akasema ng'ambo ya ziwa wanalijua tangu zamani.

Na bahati mbaya ikanikalia. Mke wa fundi baiskeli tulikuwa tumemsuka Jumatatu. Ijumaa mumewe akaleta mke wa pili.

Yule bwana alikuwa anamchumbia huyo binti tangu mwaka juzi! Mji mzima ulijua! Lakini nani akumbuke hilo?

Benchi likabaki tupu. Wanawake wakipita mbele yetu wanavuka barabara, wengine wanashika vichwa vyao. Nilitamani nikamshike Josephina nywele zile zile anazozichoma.

"Dada Dorotea, wewe unaogopa?" nikamuuliza.

"Mimi mume sina. Huyo mke mwenza aje kumkuta nani? Ila njaa naiogopa."

Halafu utingo wa lori la Mpimbwe akapita na salamu. "Kaka yako Gaudensi anasema wameanza kuvuna. Jiandae."

Sikula siku hiyo. Nilikuwa naingia ndani natoka nje, nakunja nguo nakunjua, mpaka Dorotea akaninyang'anya furushi akalikalia.

Ndiyo wiki hiyo hiyo akaja yule mama wa kuku.

Aliitwa Specioza, anatoka Kakese. Nilimnyanyua, nikamkalisha, nikamwambia ukweli. "Mama, huo ni uongo wa mtaani. Sisi tunasuka nywele tu. Hakuna dawa hapa."

"Unajua shamba letu lilivyo kubwa?" akanijibu. "Nalima mimi, napalilia mimi, natwanga mimi, kuni mimi. Mwanaume kutwa yuko kwenye bao. Nikisema nimechoka ananiambia mama yake alikuwa hachoki. Akija mwingine tutagawana. Nisuke."

"Sitachukua kuku wako kwa uongo."

"Kuku ni wa kusukwa. Uongo nitaubeba mwenyewe."

Dorotea akaniangalia, mimi nikamwangalia. Tukaingia kazini.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Specioza alirudi Kakese kichwa kinang'aa. Hakumficha mtu. Kila aliyemuuliza akamjibu, "Nimesukwa na wawili, nimechoka, mume wangu aoe." Habari ikamfikia mume kwenye bao. Wenzake wakamkalia kooni. Kumbe mkeo kafika hapo? Kumbe unamfanya punda?

Yule bwana aliona aibu mpaka akashindwa kumaliza mchezo. Kesho yake alionekana shambani na jembe. Hakuoa mtu. Alilima!

Wiki iliyofuata walikuja wanawake sita kutoka Kakese kwa mguu.

Wala hawakutaka wake wenza. Walitaka waume zao wasikie tu kwamba wamesukwa Mikono Minne! Mwanamke anakaa, anasema, "Mimi mume wangu hateki maji hata nikiumwa. Nisukeni wima, aone kutoka mbali." Benchi zima linaangua kicheko.

Kila mmoja nilimrudia maneno yale yale. Hakuna dawa hapa, tunasuka nywele. Wananiambia tunajua, wewe suka.

Josephina akiwa mlangoni kwake alikuwa anaongea na hewa, hewa yenyewe haimjibu.

Lakini mimi sikutulia. Nitatuliaje? Kaka anakuja. Na kaka akija hataangalia benchi, ataangalia kama mimi ni mwongo au si mwongo. Kazi ningeweza kumwonyesha. Mwanamke wa Ponsian ningemtoa wapi nimwonyeshe?

Siku ya lori ikafika.

Nilisikia ngurumo kabla ya saa sita. Kaka akashuka, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nikampokea, nikampa maji, nikamkalisha kwenye benchi la nyuma, maana kulikuwa na wateja.

Aliangalia wale wanawake, akaangalia kibao cha Mikono Minne.

"Kazi nimeiona," akasema taratibu. "Unajiweza, siwezi kukataa. Lakini nimepita kwa Ponsian. Nimekaa siku mbili. Nyumba nzima yuko peke yake. Ameapa mbele ya padre hakuna mwanamke. Eufrazia, mume ni mume. Kesho tunarudi wote."

"Kaka..."

"Maliza wateja wako."

Nikarudi kushika chanuo. Dorotea alikuwa amesikia yote, akaita tu, "Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa binti, mwembamba, mtoto mgongoni. Naye alikuwa ameshuka kwenye lori, kwa nyuma kabisa, juu ya magunia. Akakaa katikati yetu. Viganja vyake vilikuwa na sugu kama vya mzee.

"Unatoka wapi, mama?" Dorotea akamuuliza. Ndivyo tunavyoanza na kila mtu.

"Usevya."

Nilikuwa nachana, nikaendelea kuchana.

"Tumesikia huko kwetu," binti akasema kwa aibu, "kwamba hapa mtu akisukwa na wawili, mke mwenza anakuja."

"Uongo," nikamwambia. "Hakuna dawa hapa."

"Hata hivyo nisukeni. Mimi wa kwangu nataka arudi."

"Arudi?"

"Kulikuwa na mke mkubwa pale. Aliondoka siku moja kabla sijaletwa, nami nililetwa tayari nina mimba. Jina lake halitajwi pale nyumbani. Tangu hapo mpunga wote ni wangu. Kupanda, kupalilia, kuvuna. Nimejifungua, siku ya nne nikarudishwa shambani. Naomba yule mama arudi tugawane, maana nitakufa."

Dorotea alikuwa ameacha kusuka. Mimi uzi ulikuwa umenikatikia mkononi.

"Mumeo nani?" Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya kaka, kutoka benchi la nyuma.

Binti hakugeuka, kichwa tumekishika. "Ponsian," akasema.

Wateja wengine hawakujua kuna nini, wakageuka kumwangalia kaka.

"Mimi nimetoka kwa Ponsian leo," kaka akasema. "Nimelala kwake siku mbili. Anaishi peke yake."

"Wageni wakija nahamia kwenye kibanda cha kufukuzia ndege, huko shambani. Hasa padre, na ndugu wa yule mama. Naambiwa nisisogee na mtoto asilie."

Kaka akasimama. Akazunguka mbele akamtazama usoni. Nikaona rangi inambadilika.

"Wewe si ndiye uliyeniletea maji ya kunawa?"

Binti akainua macho, akashtuka. "Ndiyo, baba. Mtungi ulikuwa umeisha nyumbani, akaniita."

"Aliniambia wewe ni kibarua wa mavuno!"

"Ndivyo anavyosema kwa watu."

Kaka akakaa chini. Si kwenye benchi, alikaa pale chini kwenye nywele zilizoanguka. Alikuwa amenawa maji ya mkono wa huyu binti, amekula ugali wake, halafu amepanda lori kuja kuniambia mimi mwongo. Na binti kapanda lori lile lile, yeye mbele kwa dereva, binti nyuma kwenye magunia.

Na mimi? Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanavuma. Miezi yote ile nilikuwa nimemtukana mwanamke huyu kichwani mwangu, nimempa sura, nimempa lipstiki na maringo. Kumbe ni mtoto mwenye viganja vya jembe.

"Unaitwa nani?" nikamuuliza.

"Marsela."

"Marsela, mimi ndiye yule mke mkubwa."

Aliruka! Alitaka kukimbia na mtoto mgongoni. Nikambana mabega. Akawa anasema, "Nisamehe dada, nisamehe."

"Tulia. Hukunikosea kitu."

"Utarudi?" akaniuliza. Masikini, alikuwa bado ana matumaini.

Nikamwangalia kaka pale chini.

Kaka akatikisa kichwa. "Harudi," akasema. "Ponsian nitaongea naye mimi, na padre awepo."

Hapo nikalia. Nililia kama mtoto, mbele ya wateja, na Dorotea naye akaanza, na mama mmoja wa Kakese ambaye hakuwa na habari yoyote akalia pia kutusindikiza.

Nilipojifuta nikamwambia Dorotea, "Dada, toa mikono. Huyu namsuka peke yangu."

Dorotea akanielewa. Akanyanyua mikono yake juu, akaenda kumchukua mtoto mgongoni kwa Marsela akambembeleze.

Nilisema siamini yale maneno ya mtaani, na sikuamini. Lakini kwa kichwa kile sikutaka hata uzi mmoja wa mkono wa pili. Marsela aliona ninachofanya. Baadaye kidogo akauliza, "Na mimi nirudi wapi sasa?"

"Mama yako yuko wapi?"

"Urambo."

Nilimaliza kichwa chake jua limeshapinda. Alilala kwangu mpaka siku ya treni. Kaka ndiye aliyembebea mzigo hadi behewani, akasimama pale mpaka treni ikapotea.

Basi, binti uliyeuliza.

Taa weka, muziki weka, sikukatazi. Josephina alikuwa na kioo na kitana cha moto, na nilimshinda. Kitu chako kiwe kimoja, kinachomtatulia mtu shida yake ya kweli, na kiwe rahisi kusimulia hata kwa adui. Adui yako akikisema vibaya bado anakitangaza. Wewe usimuongezee uongo wake hata kama unakuletea wateja. Mwambie kila mtu ukweli, halafu msuke vizuri.

Na ukishika kichwa cha mtu, sikiliza anachosema. Usiwe na simu sikioni.

Josephina alitaka kunifungia mlango. Maneno yake yakavuka pori la Katavi, yakafika Usevya, yakamtoa Marsela kwenye kibanda cha ndege na kumleta mpaka kwenye mikono yangu, siku ile ile ambayo kaka alikuja kunichukua. Marsela angekawia kwa lori moja tu, mimi ningekuwa nimerudi kwa Ponsian, naye angerudi Usevya akanikuta huko.